Kichaka Kiitwacho Mgeni

Kituo cha Mazoezi ya Viungo
Wodi ya Wanawake, Kitanda Na. 9
4 Februari

Mwanangu kitindamimba,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ukiuacha huu mguu unaojifanya si wangu. Daktari anasema nyonga imeunga vizuri, lakini mazoezi wanayonipa ni ya kumfundisha kuruta. Asubuhi natembea hatua kumi nimeshika vyuma, jioni hatua kumi nyingine, halafu naambiwa "hongera bibi" utadhani nimejifungua mapacha.

Simu usinipigie tena. Masikio yangu unayajua. Muuguzi akinishikia ile simu yake nasikia "mama... mama..." halafu upepo mtupu. Wewe andika. Muda wa kusoma ninao.

Nina ombi. Wenzangu humu wamebandika ukutani picha za wajukuu. Mimi wajukuu hamjaniletea, wewe na dada yako, na leo sitaki kulianzisha hilo. Basi nipigie picha vichaka vyangu. Mkomamanga wa dirishani, oleanda ya getini, mhina, yasmini, haibiskasi nyekundu, na Mgeni.

Mgeni usimsahau. Najua hukuwahi kumwangalia vizuri, kwako wewe majani yote ni majani. Ni yule wa nyuma ya tangi la maji, aliyejiotea mwenyewe mwaka aliokufa baba yako. Ana majani mawili mawili yanayotazamana, na kila mara moja ni kubwa kuliko mwenzake. Yakiwa machanga yana wekundu pembeni. Miaka yote niliyouza miche, hakuna kichaka cha bustani kilichonishinda jina ila huyo. Sasa kitanda cha kumi yuko Mwalimu, bibi mstaafu aliyefundisha mambo ya mimea maisha yake yote, ana lenzi yake mfukoni mwa sweta. Haamini kwamba kuna kichaka asichokijua. Tumewekeana dau: akimtaja Mgeni kwa jina, anakula yai langu la asubuhi.

Halafu tafadhali. Wewe ni mpiga picha za pasipoti, unataka kila mtu akutazame usoni na masikio yaonekane. Majani hayapigwi hivyo. Piga mgongo wa jani. Piga pale jani linaposhikana na kijiti. Weka kiberiti pembeni nijue ukubwa. Ukimaliza oleanda nawa mikono, usije ukajipaka utomvu machoni. Na nyuma ya kila picha andika ni nani, maana Mwalimu anapenda mambo ya karatasi.

Nahesabu siku za kurudi.

Mama yako



Nyumbani
13 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia hatua zimefika kumi. Huku sote wazima na studio inakwenda hivyo hivyo, watoto wa shule wanataka picha za vitambulisho na hakuna anayekubali kufunga mdomo.

Nimekutumia picha sita kama ulivyoagiza, na nyuma nimeandika kila moja ni nani. Nimepiga kwa karibu sana kwa sababu uwanja haujafagiliwa na sikutaka uone uchafu ukaniandikia barua nyingine. Kiberiti nimekisahau, nisamehe. Mikono nimenawa.

Bustani ipo salama. Usiwe na wasiwasi nayo kabisa. Wewe shughulika na mguu.

Mwanao



Kitanda Na. 9
20 Februari

Mwanangu,

Picha zimefika. Asante. Nimezipanga juu ya blanketi nikazitazama hadi chai ikapoa.

Sasa nieleze. Mkomamanga wangu una kovu kwenye shina, chini kidogo ya goti la mtu, pale ulipougonga na baiskeli ukiwa na miaka tisa ukaja kulia kwangu kana kwamba ni mti uliokugonga wewe. Katika picha yako shina ni jororo kama mkono wa mtoto. Kovu limekwenda wapi? Na haibiskasi yangu ina petali tano, imefunguka, unaona hadi moyoni. Hii yako imejikunja kama kabichi. Haibiskasi ya namna hiyo sijawahi kuipenda wala kuipanda.

Ya Mgeni ndiyo imenivunja nguvu. Mwalimu aliichukua, akaivutia lenzi, hakumaliza hata dakika moja akaanza kucheka. Akasema, "Mama Miche, hii ni duranta. Duranta ya uzio! Imekatwa tu kabla haijatoa maua." Nikamnyang'anya picha. Mwanangu, ni duranta. Duranta nimeiuza maelfu. Nusu ya nyua za mji huo zimetoka katika vikopo vyangu. Naijua nikiwa nimefumba macho, kwa kidole. Ningewezaje kuishi na duranta nyuma ya tangi miaka ishirini nikaiita Mgeni?

Yai langu amelila, na chumvi akaongeza.

Niambie kama ulikosea ukapiga picha ya kichaka cha mtu mwingine. Sitakukasirikia. Nataka kujua tu.

Mama yako



Nyumbani
27 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Usijisumbue kichwa. Picha ni zenyewe, nimezipiga hapa hapa uwanjani kwetu. Kovu la mkomamanga limejifunika, miti nayo hupona. Haibiskasi uliibadilisha mwenyewe mwaka juzi, umesahau tu. Na Mgeni ndiye huyo wa nyuma ya tangi, hakuna mwingine.

Ni hizo dawa za maumivu, mama. Daktari alituambia zinachanganya kumbukumbu kidogo. Ukiziacha, kumbukumbu zitakurudia zote.

Mwanao



Nyumbani
27 Februari

Dada yangu,

Haya siwezi kukuambia kwa simu, nitalia na wewe utanifokea kabla sijamaliza. Soma hadi mwisho ndipo ufoke.

Bustani ya mama haipo.

Unakumbuka alipovunjika nyonga nilipewa karatasi na kituo. Iliandikwa kwamba mgonjwa hataruhusiwa kurudi nyumbani mpaka pawe na sakafu ngumu, tambarare, kuanzia getini hadi mlangoni na hadi chooni, kiti cha magurudumu kipite bila kukwama. Nikaangalia uwanja wetu. Vikopo, mizizi, matofali, mpira wa maji, na pale pale kwenye mizizi ndipo alipoanguka. Nikasema, nitamwaga zege njia moja tu, upana wa kiti, vichaka vyote vibaki pembeni. Nikawaita mafundi, nikawachorea kwa chokaa, nikaenda kupiga picha za harusi mji wa pili. Nilirudi kesho yake jioni. Asubuhi ile mvua ilikuwa imefuta chokaa. Wakasafisha uwanja wote wakaumwagia zege, dada. Wote. Fundi mkuu ananionyesha kwa furaha, anasema, "Tumekufanyia kazi ya bure, mama sasa ataserereka kama yuko uwanja wa ndege."

Vichaka vilishapakiwa kwenye lori. Nililifuata hadi jalalani. Vilikuwa vimechomwa.

Nilikuwa nimepanga kumwambia akirudi, nimshike mkono, nimwombe msamaha uso kwa uso. Ndipo akaomba picha. Nikazunguka mji mzima kama mwizi. Mkomamanga ni wa nyumba ya daktari wa meno. Haibiskasi ni ya hotelini. Mgeni ndiye aliyenishinda, maana simkumbuki. Nimekulia naye miaka ishirini na simkumbuki! Nikapiga kichaka cha kwanza kisicho na maua, kwenye uzio wa shule.

Kumbe ndicho kichaka anachokijua kuliko vyote duniani. Leo nimemwandikia kwamba amesahau. Mkono wangu umeandika hivyo na mimi nautazama. Nifanyeje?

Mdogo wako



Zahanati, chumba cha wakunga
5 Machi

Mdogo wangu,

Sifoki. Sina hata nguvu ya kufoka.

Ulitaka kumrudisha nyumbani, hilo Mungu analijua. Mafundi wako ni mafundi wako. Lakini mtu ambaye hajawahi kukosea mche hata mmoja maisha yake yote, wewe unamwambia kichwa chake kimeharibika? Kukata bustani kuna samahani yake. Hilo la pili sijui.

Mwandikie leo hii. Usingoje Jumapili ya wageni, usingoje maneno mazuri. Andika "Mama, nimekudanganya," ndiyo iwe sentensi ya kwanza. Mimi zamu zangu zinaisha mwishoni mwa mwezi, tutakwenda pamoja tukapige magoti.

Leo, si kesho. Nakujua.

Dada yako



Kitanda Na. 9
9 Machi

Mwanangu,

Barua yako niliisoma mara nyingi. Nataka kukuambia jambo, na ninakuomba usihuzunike.

Humu ndani mtu haruhusiwi kurudi nyumbani kwa mguu peke yake, wanapima na kichwa. Sikukuambia kwa sababu niliona ni utani. Kichwa changu mimi! Kila mgonjwa anapimwa kwa picha zake za nyumbani. Daktari anashika picha, anasoma nyuma palipoandikwa, wewe unatazama mbele unasema unachokiona. Mwenye kitanda cha tatu aliwataja wajukuu kumi na wanne pamoja na mbwa.

Juzi Ijumaa ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimevaa gauni langu la bluu. Daktari akanyanyua picha ya kwanza. Nikasema, "Mkomamanga, lakini si wangu." Akasoma nyuma: "Mkomamanga wa mama, dirishani." Akaandika. Ya pili nikasema, "Haibiskasi, lakini si yangu." Akasoma, akaandika. Kila nikisema kweli niliyonayo moyoni, karatasi inanikana. Mwisho akanyanyua ya Mgeni. Mwanangu, nilitaka sana kusema "Mgeni". Neno lilikuwa mdomoni. Lakini macho yaliona duranta, na mdomo ukasema duranta.

Akaniuliza kwa upole, "Mama, unadhani mwanao amekosea vyote sita?" Nikafikiri. Ningesema ndiyo, ningekuwa yule bibi wa kitanda cha pili anayesema mkwewe anamwibia meno. Nikasema, "Hapana. Mwanangu hawezi kunidanganya."

Mwalimu amerudisha yai. Amelifunga kwenye leso akaliweka juu ya mto wangu wa kulalia. Hapo ndipo nilipolia.

Kamati inakaa Ijumaa hii. Wakiona sifai kurudi, kuna nyumba ya wazee hapa nyuma, inataka sahihi yangu. Nimekuwa nikijiuliza: kama nimepoteza vichaka, nini kitafuata? Nitakuja nikutazame wewe niseme, huyu ni kijana, lakini si wangu?

Andika nikusikie.

Mama yako



Nyumbani
15 Machi

Mama,

Nimekudanganya.

Barua yako nimeipata jana saa nane mchana, siku yenyewe ya kamati. Dada alishaniambia niandike tangu wiki iliyopita. Nilianza mara tano nikachana. Ningeandika siku ile, ingekufikia kabla ya kamati. Hilo nitakufa nalo.

Bustani haipo, mama. Hakuna kilichobaki. Kituo kilitaka sakafu ngumu ili kiti chako kipite, nikachora njia kwa chokaa, mvua ikaifuta, mafundi wakang'oa kila kitu nikiwa sipo. Wakamwaga zege uwanja mzima. Picha zote sita si zako. Mkomamanga ni wa daktari wa meno. Haibiskasi ni ya hotelini. Ile ya Mgeni ni duranta ya uzio wa shule, wewe ulisema kweli na Mwalimu alisema kweli, na mimi mpumbavu sikujua hata duranta ni nini. Ulijibu sita kwa sita, mama. Karatasi ndiyo iliyokosea, na iliyoandika karatasi ni mikono yangu.

Nimempigia simu muuguzi wa zamu jana ile ile. Nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza, ni mtu mwema, kisha akasema, "Kaka yangu, kila kamati ikikaa napokea simu kama hii. Kila mtoto anasema mama yake ana akili timamu, kosa ni la karatasi." Akasema mlango wa kamati umeshafungwa. Nikamwomba aje kukuambia sikioni. Akasema atajaribu, lakini unasikia kwa shida.

Nimeweka picha moja humu. Hii ni ya kweli. Ni uwanja wetu, nimeupiga leo asubuhi, nimesimama mlangoni. Utaona nguzo za tangi upande wa kulia. Sikuficha kitu.

Usitie sahihi popote. Tutakuja Jumapili ya wageni, mimi na dada, tukuchukue. Nitapanda upya vyote. Nitapasua zege kwa mikono.

Mwanao



Kituo cha Mazoezi ya Viungo
Kitanda Na. 9
24 Machi

Kitindamimba wangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma, kisha nikampa Mwalimu naye aisome.

Umeandika vizuri sana, mwanangu. Ulipokuwa mdogo hukuwa unaweza kutunga, mwalimu wako alikuwa ananiita shuleni. Leo umetunga hadi chokaa na mvua. Nimecheka pale pa daktari wa meno.

Lakini mimi ni mama yako. Wewe uliyekuwa unakimbilia chumbani kuku akichinjwa, wewe ndiye uung'oe mkomamanga alipokuzikia kitovu baba yako? Wewe umwachie lori Mgeni wangu? Sikuamini. Najua ulichofanya. Umeona mama yako amepotewa na akili, umeona haya kwa niaba yangu, ukaamua kujibebesha kosa lote ili mimi nibaki na kichwa changu. Hata picha ya uwanja wa watu umekwenda kuipiga, zege tupu, ili uongo wako uwe na ushahidi. Nani mwingine angefanya hivyo? Mungu akuzidishie. Lakini usirudie. Uongo haukufai, uso wako unaonekana hadi kwenye mwandiko.

Muuguzi alikuja kunipigia kelele sikioni. Nilisikia "bustani" na "zege". Nikamwambia, najua, binti yangu, mwanangu ananipenda sana.

Sahihi nimeshatia. Usilie. Nilitia siku ile ile ya Ijumaa, jioni, kwa hiari yangu. Chumba kina dirisha. Nimemwambia daktari sitaki kurudi kwenye bustani niliyoipanda mwenyewe nikatembea ndani yake kama mpita njia. Heri ibaki kule, wewe uitunze, na mimi niwe huku nikijua kwamba ipo.

Jambo moja limenichekesha, na ndilo linalonionyesha kwamba hakika nimekwisha. Ile picha ya zege. Mwalimu alinipa lenzi yake nitazame, maana nilisema naona kitu. Upande wa kulia, chini ya nguzo, zege limepasuka uzi mmoja, na kwenye ufa kimetoka kichipukizi. Vijani viwili vinatazamana. Kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Pembeni vina wekundu. Nilikitazama hadi mkono ukauma. Moyo wangu uliruka, mwanangu, uliruka ukaniita kwa sauti: huyo ni Mgeni! Ningekuwa na akili zangu za zamani ningeapa.

Lakini zege la watu, na mji wa watu, Mgeni atakuwa anatafuta nini huko? Nikarudisha lenzi. Mwalimu akauliza, "Umeona nini?" Nikamwambia, "Gugu tu."

Ukimfahamu mwenye uwanja huo, mwambie awahi kukang'oa. Kadogo hivyo, lakini kana mizizi, katampasulia sakafu yake yote.

Na wangu wa nyuma ya tangi usimsahau. Jioni jua likipoa, kopo moja la maji, polepole, si juu ya majani.

Mama yako